Mbona Haonji Gofri Zake?

Neno lile nililitoa mimi. Si Shangazi, kama Papa anavyoamini hadi leo. Mimi! Nililisema mchana kweupe, hapa Kalemie, vidole vyangu vikinuka ndimu, na tangu siku hiyo sijapata Jumapili moja ya amani.

Nawaandikia ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua bado wananiita mtoto mwema.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki, na nyumba yetu karibu na reli ilikuwa imenyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Papa, fundi wa vichwa vya treni, alirudi kazini, akaosha mafuta meusi mikononi, akala ugali wetu wa bukari na ndakala, dagaa wa ziwani, bila neno, akalala.

Kisha akaoa. Alimleta mwanamke kutoka Mpala, mtu mzima, mpole, asiye na mtoto. Nitamwita Mama Apolina. Si jina lake.

Alishuka kwenye boti na sanduku moja na chuma kimoja. Chuma chenyewe kilikuwa sahani mbili nzito zilizoungwa kama kitabu, zenye miraba midogo ndani na mikono mirefu ya kushikia juu ya moto. Alikipata kwa Masista wa misheni, waliomweka jikoni kwao tangu akiwa msichana. Wao njo walimfundisha gofri.

Ah, gofri zile! Kila Jumapili, jua likianza tu kugusa ziwa, aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya nyumba. Aliponda ndizi mbivu na kipande cha paipai, akakamua machungwa mawili, akatia unga wa ngano na viini vya mayai. Ute aliupiga pembeni kwa uma mpaka ukawa povu jeupe linalosimama lenyewe. Mwisho alichukua ndimu na kopo la maziwa alilolitoboa kwa misumari, akakwangua ganda. Ganda la juu tu. Taratibu, kama mtu anayesugua uso wa mtoto.

Hapo ndipo shaka yangu ilipozaliwa. Kwetu ndimu hukamuliwa juu ya samaki, na ganda hutupwa. Nani anapika maganda?

"Mbona unatia takataka?" nilimuuliza Jumapili ya kwanza.

"Si takataka. Harufu yote inakaa hapa juu. Chini yake, pale peupe, njo kuna uchungu. Ukifika peupe, acha."

Nikajiambia: uchungu anaujua vizuri, huyu.

Alimimina uji ule kwenye chuma, akafunga, akageuza. Mvuke ulitoka pembeni ukilia kwa sauti nyembamba. Gofri ilitoka na rangi ya dhahabu, miraba yake imejipanga, kila mraba kisima kidogo cha asali. Papa alikula tano. Mimi nilikula tatu, nikajichukia kwa utamu wake.

Yeye hakula hata moja.

Ninyi wa huku mnajua uzito wa jambo hilo. Mwenye chakula huonja kwanza, mbele ya wageni wake, ndipo sahani inazunguka. Tunaita kutoa uchawi. Hata chupa ya bia hufunguliwa mbele ya macho yako. Lakini Mama Apolina alituwekea sahani, akakaa mkekani, mikono juu ya kitenge, akatutazama tukitafuna. Tulipomaliza tulikwenda misa sote. Baada ya misa Papa alibaki akizungumza na wenzake, mimi nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na yeye alirudi nyumbani peke yake.

Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Ya kumi. Nilikuwa nikihesabu!

Na Papa alianza kuugua. Kila Jumapili alasiri alishika tumbo, akajikunja kitandani, jasho likimtoka. Jumatatu alikuwa mzima. Jumapili tena, chini.

"Ndimu inasafisha tumbo," alisema Mama Apolina. Na Jumapili iliyofuata nilimwona kwa macho yangu akikwangua ndimu mbili badala ya moja.

Mbili! Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jiko. Siku hiyo nilificha gofri moja chini ya nguo yangu, nikampa bata wa jirani.

Bata aliishi. Alirudi hata kuniomba nyingine. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema: basi ni sumu ya watu.

Nisameheni nikicheka. Nacheka ili niweze kuendelea.

Ikafika Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wanaume wa mtaa wakifyeka majani kando ya barabara. Papa alianguka na jembe mkononi, akatapika damu. Walimbeba hadi hospitali. Mama Apolina alikimbia nyuma yao bila viatu. Mimi sikukimbilia hospitali. Nilikimbilia kwa Shangazi, dada yake Papa.

"Shangazi, amemulisha Papa."

Alikuwa akichambua ndakala kwenye ungo. Mikono yake ikasimama. Kwetu neno hilo lina nyuso mbili: kumlisha mtu ni kumpa chakula, na ni kumpa sumu. Shangazi hakuuliza nilikusudia uso gani.

"Unasema nini, wee mutoto?"

"Hajaonja hata siku moja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na anatia maganda ya ndimu. Ile maji yake anamwagia samaki, maganda njo anatuwekea sisi."

"Yesu! Mi nilisema! Muke anatoka Mpala na sanduku moja, hacheki na muntu, ndani ya lile sanduku kuna nini?"

Hakukuwa na kitu ndani ya sanduku. Nilikuwa nimeshalipekua: vitenge viwili, rozari, na kitabu cha sala kilichochakaa. Nilijua! Na sikusema.

Jumapili asubuhi Shangazi alitukuta nyuma ya nyumba. Mama Apolina alikuwa amekesha hospitali, macho mekundu, lakini mbabula ilikuwa inawaka. Gofri nne zilikuwa tayari kwenye kikapu, zimefunikwa kitambaa cheupe.

"Hizi ni za nani?" Shangazi aliuliza.

"Za Papa. Labda atapata hamu."

"Vizuri. Toa uchawi basi."

Mama Apolina alitabasamu, akidhani ni utani wa wifi. "Nitakula kiisha misa, wifi."

"Kiisha misa! Dawa yako nayo inajua saa za misa?"

Tabasamu lilianguka. Alitutazama kwa zamu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Kisha akaniuliza mimi, polepole:

"Na weye? Weye pia unangoja nionje?"

Ningeweza kusema hapana. Kulikuwa na nafasi, pana kabisa, ya kusema hapana. Nilitazama makaa.

"Onja tu, Mama."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita Mama.

Alichukua gofri ya juu, akala amesimama. Hakumega kipande. Alikula yote, mraba kwa mraba, machozi yakishuka hadi kidevuni, na alipomaliza alitufunulia viganja vyake vitupu.

"Mumeona? Basi. Leo muende mumupokelee ninyi wenyewe."

"Tumupokelee nani?" Shangazi aliuliza. Mama Apolina alibeba kikapu, akatoka.

"Kuna sumu za polepole," Shangazi alininong'oneza. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena.

Tulikwenda misa, sisi wawili, tumevaa vizuri. Kabla ya wimbo wa kwanza katekista alisimama kusoma nia ya misa. Akasoma jina la mama yangu. Jina lote, pamoja na lile la ubatizo ambalo serikali imetukataza kuliandika kwenye karatasi zake. Akasema misa hii ni ya kumuombea marehemu, na imeombwa na Mama Apolina.

Mama mmoja kwenye benchi la mbele aligeuka akatutafuta kwa macho. "Apolina yuko wapi leo? Kila Jumapili anamupokelea yule marehemu Komunio. Na anafunga kabisa, kama watu wa zamani. Hata maji hanywi tangu jioni!"

Oh, ndugu zangu! Sisi wa siku hizi tunafunga saa moja tu, tunakula, tunakwenda. Masista wa Mpala walimlea kwa sheria ya kale, naye hakuiacha. Kila Jumapili alitupikia akiwa na njaa, akiketi mbele ya harufu ile yote, midomo mikavu, kwa ajili ya roho ya mwanamke ambaye kitanda chake alikuwa amekirithi. Baadaye, sisi tukiwa bado kanisani, alikula peke yake zilizobaki, zimepoa.

Nilitoka mbio kabla ya Injili. Nyumbani sanduku halikuwapo. Chuma kilikuwa juu ya mbabula, bado kina joto. Hospitalini mlinzi aliniambia: "Yule citoyenne, muke wa baba yako, nimemukatalia. Shangazi yako alituachia maneno jana jioni, asiingie na chakula. Alisimama hapa langoni, akaweka kikapu chini, akaenda." Gofri tatu zilikuwa bado ndani, chini ya kitambaa.

Nilipofika ziwani boti ya Mpala ilikuwa imeshapita mkono wa bandari, nami sikuweza hata kutambua kitenge chake kati ya vitenge.

Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, vya siku nyingi. Asile ndimu, asile machungwa, asile pilipili. Nilisimama kando ya kitanda.

"Papa, hukujua zinakuunguza?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Akageuzia uso ukutani. "Nyumba ilikuwa inanukia tena, mwanangu."

Kisha akauliza: "Mama yako yuko wapi?"

Shangazi, aliyekuwa amenifuata hospitalini, alieleza kuwa ndiye aliyemfukuza. Alinitazama wakati anasema, na alinificha. Alidhani ni mapendo. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza huko ni dhambi yangu kubwa kuliko neno lenyewe.

Papa alipopona alipanda boti kumfuata. Alirudi baada ya siku tatu, peke yake. Aliniambia jibu lake bila hasira: "Amesema hawezi kupikia watu wanaotazama mikono yake." Tangu hapo hajasema na dada yake. Miaka sita sasa! Wanapishana sokoni kama wageni, na Shangazi amezeeka akibeba mzigo wangu kichwani.

Papa, najua miwani yako imevunjika na jirani ndiye anakusomea maandishi haya. Mwambie arudie mstari wa kwanza. Kisha uende kwa dada yako.

Chuma ninacho mimi, nyumbani kwangu. Ninapika gofri kila Jumapili, kwa ndizi na paipai, bila ndimu. Mwanzoni zilinata, zikatoka vipande vipande, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza anapaka mafuta gani. Nilikuwa nikimpeleleza miezi yote ile, na hilo sikuliona. Sasa zinatoka nzima. Ninaonja mimi kwanza, mbele ya watu wote. Na kwa sababu nimeonja, siku hiyo sipokei Komunio. Padri ananiambia saa moja inatosha. Najua, Padri. Hata Mama Apolina alijua.

Barua mbili nimetuma Mpala kwa mkono wa watu wa boti. Hakuna jibu, na sina haki ya kulidai.

Wee unayesoma, labda kuna mtu nyumbani kwako anayepika na asiyekula. Usijifiche nyuma ya mlango. Usimhesabie Jumapili, wala usitafute bata. Muulize siku hiyo hiyo, chakula kikiwa bado cha moto: Mama, mbona huli? Ni maneno matatu tu! Mimi nilikuwa nayo mdomoni kila Jumapili, nikayameza pamoja na gofri.