Kibuyu cha Mama Mdogo

Juzi sokoni Chepilat nilinusa kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kilinuka moshi peke yake.

Alasiri ile ya utotoni, jikoni kwa mama mdogo, maziwa ya mursik, yaliyogandia kibuyuni, yalinuka pia dawa ya kupe. Nilidhani ametoka kunyunyizia ng'ombe. Nilipogusa kifuniko alinizaba kofi. "Wacha! Hiyo ni ya mzee."

Baba mdogo, mtu wa kupiga mbwa mateke, aliyanywa yote akinicheka. "Leo hupati, mlafi wewe!"

Nikamwomba Mungu yamuue.

Mvua ilipovuka mashamba ya chai na kugonga mabati yetu, alikuwa amekwisha kufa. Nililia, nikamweleza mama mdogo ombi langu. Alinifuta machozi kwa leso yake.

"Nyamaza. Sitaambia mtu ulichofanya."

Nilimshukuru miaka mingi kwa kunitunzia siri.