Siku ya Nyasi, Siku ya Matete

Kabla sijamwona nilimsikia: jiwe likikwaruza jiwe, ng'ambo ya ukuta wa chumba nilichopanga mtaa wa Guildford. Nilikuwa mgeni Sydney, naandika riwaya yangu ya kwanza, na sauti ile ilinitoa kitandani kila Jumamosi hadi nikaenda kubisha hodi. Akafungua bibi wa Kimeksiko, mikono imejaa unga wa mahindi.

Ndiye aliyenifundisha kalenda ya Waazteki, aliyojifunza katika kikundi cha ngoma kwao. Kila siku ina ishara yake, na ishara nyingine ni mimea: xochitl, yaani ua; acatl, yaani tete; malinalli, yaani nyasi za kusokotea kamba. Zamani mtoto aliitwa kwa ishara ya siku yake. Nilifurahi. Kwetu pia mtoto wa alfajiri hubeba alfajiri katika jina lake, wa mvua akabeba mvua. Nikadhani nimeelewa.

Kisha binti yake akajifungua msichana. Alijifungua alfajiri, jioni hospitali ikamruhusu, akapitia kwa mamake nami nikiwapo.

"Leo ni malinalli," nikasema kwa shangwe. "Malinalli mdogo!"

"Nyamaza, mwanangu! Usimwite bado!"

Bibi alinieleza kwa kunong'ona. Aliyezaliwa siku ya nyasi, watoto atakaowazaa hung'olewa na mauti mmoja mmoja. Mchoro wa ishara hiyo ni taya la maiti lililoota nyasi. Dawa ni moja: leo asioshwe wala asipewe jina, angoje kesho, siku ya matete.

Binti akacheka. "Mama, Jumamosi unaamini ngoma, Jumapili unaamini padri. Mimi jina nimelipenda. Nyasi ukizikata, huota tena."

"Zinaota juu ya nini? Juu ya maiti!"

Wakanigeukia mimi, mwandishi, eti niamue. Siku inahamishwaje kama kiti? Kwetu hakuna anayeahirisha alfajiri. Na kama ishara hukwepeka, ni ishara ya nini? Lakini bibi alikuwa ameshamfunika mtoto uso kwa kiganja, kama anayemkinga mvua.

"Sawa, mama," binti akasema mwishowe, akimviringishia mtoto shali. "Leo hatumwiti. Kesho njoo umwoshe. Ila jina ni hilohilo la nyasi."

Bibi akanitazama kama anayeuliza ameshinda au ameshindwa, nami sikujua. Binti akambusu shavuni, akasema mumewe anangoja garini na nyumbani kwao Quakers Hill ni mbali, akatoka na mtoto wake asiye na jina. Mlango ukafungwa nyuma yao.