Salamu Isiyokwisha Mlangoni pa Seva

Nakumbuka siku moja mlio wa simu ya mezani, ngriii, ngriii, ulivyotukatiza chai ya saa nne pale ofisini kwetu Igoma. Mpaka leo nikisikia simu ya aina ile huweka chini nilichoshika. Mwanangu, niache nikuite hivyo ingawa mvi bado sina. Nimekutangulia kukosea katika kazi hii ya kuandika programu, na kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Aliyepiga alikuwa Nesi Nyamizi wa zahanati ya kisiwani. "Milembe, nina mama hapa, uchungu umemzidi, na ujumbe wa kuita boti ya wagonjwa hauendi! Nahodha nampigia, hapokei."

Nahodha hasikii simu injini ikinguruma. Yeye hutazama kishikwambi cha botini, nacho hupata habari kupitia seva, programu ya kupokea na kupeleka ujumbe, niliyoiandika mimi. Mimi wa kidato cha nne, niliyejifunza kwa kudoea kompyuta za watu, nikiota kwamba ipo siku visiwa vyote vya ziwa vitaongea kupitia kazi ya mikono yangu!

Sasa elewa. Simu ikibisha hodi kwenye seva, kwanza husalimiana: seva huonyesha cheti chake cha utambulisho, wanakubaliana ufunguo wa siri, ndipo wanaongea bila mwingine kuwasikiliza. Mimi nililelewa na bibi kule Buswelu, na kwa bibi humwachi mtu katikati ya salamu. Unauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mashamba, mpaka amalize. Basi na seva nikaifundisha adabu hiyo hiyo: simama na mgeni mmoja mlangoni, mngoje, ndipo umwitikie anayefuata. Asubuhi ile simu moja ya mbali ilianza salamu, mtandao ukakatika, ikanyamaza. Seva yangu, mtoto mwenye heshima, ikawa inangoja tu. Nyuma yake Nyamizi anabisha.

Nikazima, nikawasha. Simu ile ile ikatangulia tena, ikanyamaza tena. Nikamwambia mkubwa wangu, Mama Kabula, "Mama, niziondoe hizi salamu za siri, watu wapite hivi hivi."

"Uziondoe? Habari za uzazi za mke wa mtu zisomwe na kila mpita njia?" Akavuta kiti. "Wewe binti, harusini kwenu anayepokea wageni husimama na shangazi mmoja mpaka ubwabwa uishe?"

"Hapana, Mama. Anamkabidhi kwa mwingine amkaribishe."

"Na akija mlevi asiyemaliza salamu?"

"Anaambiwa, 'Haya baba, tutaonana.'"

"Sasa unanitazama mimi ya nini? Andika!"

Nikaandika. Mlangoni abaki wa kufungua tu. Kila mgeni apewe wake wa kusalimiana naye pembeni. Na asiyemaliza kwa sekunde kumi aachwe. Nikawasha. Ujumbe wa Nyamizi ukapita kabla sijashusha pumzi, na nahodha akajibu neno moja: "Nageuza."

Alasiri Nyamizi akapiga tena. Mtoto wa kike, mama mzima. Mama Kabula akapiga kigelegele. Mimi nikakaa sakafuni nikicheka na machozi yananitoka.

Mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema wahenga; lakini mwenyeji akishikwa mkono na mmoja, wengine huumia nje. Usiiruke salamu hata ukiwa na haraka, maana hapo ndipo siri za watu zinapolindwa. Ila ipe mwisho, na mlango wote usimwachie mtu mmoja. Anayenyamaza usimchukie, labda mtandao wake ni mbovu tu; mwache, atarudi akiwa tayari. Mungu akupe subira yenye kipimo, na kazi ya mikono yako imfikie anayeihitaji kabla hajachelewa.

Jioni ile wenzangu walipoondoka, nilibaki. Nikachukua simu yangu, nikaianzisha salamu na seva, kisha nikaiagiza inyamaze katikati. Nikahesabu kwa vidole. Kwenye cha kumi, seva ikaniacha. Nikarudia mara ya pili, kuhakikisha tu.