Wimbi la Dobi

Wifi yangu hajui kukaa. Nalisema hili bila chuki, ingawa mawifi tukisemana watu hutega masikio wakitarajia utamu. Mkaribishe kiti, atasimama nyuma yake aanze kukikagua miguu. Mpe chai, ataizungukia nyumba nzima na kikombe mkononi, na baadaye utakikuta kikombe bafuni, chai nusu, imepoa. Kaka yangu alipomwoa tulisema atatulia akizoea. Amezoea, na hajatulia. Mtaani wanamwita Kiroboto, naye anaitika bila kinyongo.

Penye cherehani tu ndipo anapokaa, na hata hapo ni kiwiliwili kinachokaa, miguu ina safari zake. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, kati ya muuza betri na fundi redio. Anashona vitu vizito: maturubai ya malori, viti vya magari, mahema, na matanga ya vyombo vidogo vya majini. Hayo matanga yamemletea vituko. Siku aliyotundika kibao mlangoni, "Hapa tunashona na kurekebisha matanga," mama mmoja aliyefiwa aliingia macho mekundu, akauliza kwenye matanga wao hushona nini hasa, sare au? Wifi akamliwaza, akamkatia turubai la kukalia wageni, na kesho yake akapanda stuli akachora chini ya maandishi ubao, tanga, na mtu amening'inia pembeni. Anavyochora, heri angeacha. Watu wakaendelea kuja kuuliza habari za misiba.

Yule mtu anayening'inia ni yeye mwenyewe. Wifi yangu, mama wa watoto wakubwa, anaendesha ubao wa tanga. Kwa asiyeujua, ni ubao unaomzidi mtu urefu kidogo, katikati umechomekwa mlingoti wenye tanga. Unasimama juu yake, unashika mti unaolizunguka tanga usawa wa kifua, unauachia mwili nyuma, upepo unakuvuta. Kwenye maji yaliyotulia hata mimi nimewahi kujaribu, nikanywa bahari, nikarudi kwenye duka langu la dawa ambako rafu hazisogei. Lakini Wifi maji yaliyotulia anayaita beseni. Yeye huenda mwambani.

Mwamba wenyewe uko mbele ya ufuko, umejificha chini ya maji yasiyofika kifuani. Wimbi hutoka mbali likiwa limelala, unaweza kudhani ni mkunjo tu wa maji. Likifika pale linajikwaa, linasimama ghafla refu kuliko mlango wa nyumba yako, na linaanguka kwa kishindo, likianzia kulia. Kushoto kuna uwazi wenye kina ambapo maji hayavunjiki, ndiko watu hutokea na kurudia. Anayelipanda wimbi analiteremka kwa mshazari kuelekea kwenye uwazi huo, huku linaporomoka nyuma ya kisigino chake. Akichelewa, linampigiza kwenye mwamba. Kaka yangu, ambaye ni fundi bomba na maji anayoyapenda ni yale yaliyomo kwenye bomba, husimama ufukweni ameigeuzia bahari mgongo. Kazi yangu ni kutazama kwa niaba yake.

"Bado yuko juu?" ataniuliza.

"Yuko juu."

"Na sasa?"

"Kaka, geuka utazame mwenyewe, mimi si redio."

Hageuki.

Mwenzake Wifi huko majini alikuwa Dobi. Ni jirani yetu, bonge la mtu, mpole, mwenye duka la kufulia na kupiga pasi nguo za watu. Wawili hao walijifunza pamoja na wakaanguka pamoja, wala hakuna aliyewahi kuwafikiria vibaya, kwa sababu ukiwasikiliza dakika chache tu unalala usingizi: upepo, tanga, upepo. Yeye alimwita Wifi "Fundi" na Wifi alimwita "Dobi".

Kule mwambani wana sheria yao. Wimbi moja, mtu mmoja. Mkiwa wawili na wimbi linakuja, aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki nalo, naye hupiga kelele "Langu!" Akitaka kumwachia mwenzake anapiga kelele "Lako!" Basi, neno moja, kwa sababu pale upepo hauachi nafasi ya hotuba. Wifi alisifika kwa "Langu!" yake, iliyosikika mpaka kwenye maegesho ya magari. "Lako" haikuwahi kumtoka kinywani tangu alijue lile neno. Dobi alikuwa akilalamika kwa utani, "Fundi, siku utakayonipa wimbi nitajua dunia imefika mwisho." Wifi anacheka, halafu linakuja jingine, anapaza sauti, "Langu!"

Sasa sikilizeni lililotokea. Wiki ile upepo ulianza kuvuma wa ubavuni, ule wanaoupenda, na mawimbi yakakua. Wifi alikuwa hashikiki. Dobi akaleta tanga lake lililochanika karibu na mlingoti. Kiraka cha mahali kama pale Wifi hukipiga mishono miwili, mmoja pembezoni na wa pili ndani yake, na hajali mwenye mali ana haraka gani. Nimemsikia akiwafukuza watu: "Mshono wa kwanza unashika kiraka, wa pili unakushika wewe. Nenda ukatembee urudi." Asubuhi ile alipiga mshono wa kwanza, akainua macho, akaona bendera za kituo cha mafuta zimenyooka kama zimepigwa pasi. Miguu ikamwasha. Akajiambia wa pili nitaupiga tukirudi, akakata uzi, akamkabidhi Dobi tanga lake. Hakumwambia kitu.

Mimi na Kaka tulikuwa ufukweni. Niliona wawili hao wakizunguka nje ya mwamba, tanga jeupe la Wifi na la kijani la Dobi. Likaja wimbi ambalo sikuwahi kuona mfano wake pale. Wifi ndiye aliyekuwa karibu nalo, haki ilikuwa yake. Nikasikia sauti yake kwa mbali, bila kushika neno, kisha nikamwona Dobi analigeuza tanga la kijani na kuanza kuteremka, na Wifi amebaki nyuma. Nikashangaa. Nikamwambia Kaka, "Leo mkeo kampa mtu wimbi." Kaka nusura ageuke.

Dobi aliteremka, akakata kona chini, akapanda tena mpaka kwenye mdomo wa wimbi, pale juu linapopinda kuanguka, akarudi chini. Yule bonge! Watu wa maegesho wakapiga honi. Halafu tanga likapasuka kuanzia kwenye mlingoti, likabaki linapigapiga kama shuka kwenye kamba, na wimbi likamfunika. Wifi ndiye aliyemfuata kwenye povu na kumkokota mpaka kwenye uwazi. Mguu wa Dobi ulikuwa umevunjika pawili.

Dobi akalazwa, akafungwa plasta, akarudishwa nyumbani, na nyumba ikajaa wageni. Kila aliyeingia alisimuliwa. Yule mtu mpole, mdomo mzito, sasa alikuwa hashiki pumzi. "Fundi kanipa! Mwenyewe, kwa hiari yake. Lilikuwa lake, haki yake kabisa, akaniambia lako!" Mguu umeinuliwa juu ya mito, yeye anachora wimbi hewani kwa mikono. Akaongeza na chumvi, wimbi likawa linakua kila siku. Mke wake alituletea salamu za shukrani. Hebu fikiria, mume kavunjika mguu, na mke anashukuru. "Sijawahi kumwona na furaha hii," alisema, "hata siku ya harusi yetu, na nilikuwepo."

Wifi ndiye aliyeharibika. Nilidhani nimeshamwona akiwa hana utulivu. Kumbe nilikuwa sijaona kitu. Alishona viti vya basi akavifumua akavishona tena. Alifagia karakana, akaifagia na barabara ya mbele, mpaka muuza betri akamuuliza kama amepata kazi manispaa. Kila mtu alimsimamisha kumsifu moyo wake wa kutoa, na kila akisifiwa aliondoka kabla sentensi haijaisha. Kwa Dobi alikuwa hajakanyaga.

Nikamfuata karakana nikafunga mlango. "Wifi, mgonjwa anakuulizia. Una nini?"

Aliendelea kukata turubai. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Sikusema lako."

"Nilikusikia ukisema kitu."

"Nilisema tanga lako. Tanga lako, Wifi! Niliona kiraka kinafunguka, kimenyanyuka pembe. Nikapiga kelele. Upepo ukala neno la kwanza, akabaki na la pili." Akaweka mkasi chini. "Na kiraka kilikuwa na mshono mmoja."

Nilikaa kwenye marobota ya turubai. Kisha hasira ikanipanda, maana nilijua anachotaka kufanya. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia mgonjwa mwenye furaha anapona haraka, naona kila siku dukani kwangu. Mguu hautaungana kwa sababu wewe umeutua mzigo wako. "Unataka kumwambia kwa faida yake au yako?" nilimuuliza, na niliuliza kwa ukali.

"Sijui," alisema. "Ila ananishukuru, Wifi. Siwezi kushukuriwa kwa ule mguu."

Tukaenda. Nilimfuata kwa sababu nilitumaini njiani atabadili mawazo, na kwa sababu, kusema kweli, nisingekaa nyumbani nisijue kinachoendelea.

Dobi alikuwa amelazwa chumba cha nyuma ya duka, mlango wazi, ili apate kuzungumza na mke wake anayepiga pasi upande wa pili. Mashati ya watu yalining'inia kwenye mifuko ya nailoni, kila moja na kikaratasi chake, na kila kitu kilinuka wanga na mvuke. Alipomwona Wifi uso ukamng'aa.

"Ndiyo kwanza unakuja, Fundi! Nimebaki kukuimba tu hapa."

Wifi alisimama katikati ya chumba. "Dobi, sikukupa lile wimbi."

"Nini?"

Akamwambia lote kwa pumzi moja, kiraka, mshono mmoja, bendera, tanga lako. Sauti ya pasi ikakoma. Mke wa Dobi akatokea mlangoni.

"Mshono mmoja?"

"Mmoja, dada."

"Na sisi tumekaa hapa tunakushukuru?" Alikuwa bado ameshika shati la mtu. "Nimekuletea salamu mpaka mlangoni kwako, na wewe ukazipokea?"

"Nilizipokea."

Dobi aliinua mkono kumnyamazisha mkewe. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Kumbe hukunipa," alisema. "Huu mguu utaunga, daktari kasema. Lakini lile wimbi nilikuwa nalo, Fundi. Nalala nalo, naamka nalo. Sasa nimebaki na mguu tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama Wifi kwa jicho la nilikwambia, naye hakuniona.

"Haya," Dobi akasema, na nikaona anajikusanya. "Basi angalau ulikuwa karibu kuliko wote. Hawa wengine walikuwa ufukweni, hawajui kitu. Niambie wewe. Pale juu, kwenye mdomo, nilikata vizuri? Nilionekanaje?"

Nikamwomba Mungu amtie Wifi uongo kinywani, mmoja tu, mdogo. Lilikuwa jambo rahisi. Ulionekana vizuri, Dobi. Laiti ungejiona ulivyokata. Mtoto angeweza kusema.

"Sikuona," Wifi alisema. "Nilikuwa naangalia mshono."

Machozi yakamtoka yule mtu mzima, yakateremka mpaka kwenye ndevu, wala hakujisumbua kuyafuta. Mkewe akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nilianza kutafuta maneno ya kuaga, na Wifi tayari mguu wake mmoja ulikuwa unaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Dobi akamuuliza.

"Nakuacha upumzike."

"Kaa chini."

"Dobi..."

"Nimesema kaa chini! Mguu umenivunja, wimbi umenichukua, halafu hata kuliona hukuliona? Hakuna aliyeliona kwa karibu isipokuwa mimi? Basi utakaa hapo, utalisikia lote."

Kulikuwa na kapu la nguo zisizopigwa pasi. Wifi alikaa juu yake, mikono katikati ya magoti. Dobi akafunga macho, akaanza. Hakuongeza chumvi safari hii. Alieleza lilivyokuja kutoka nje, rangi yake, baridi ya kivuli chake mgongoni, jinsi ubao ulivyoacha kupiga kelele na kukawa kimya, alivyoinama kukata kona na kugusa maji kwa vidole. Alipofika pale tanga lilipopasuka aliacha, akarudi mwanzo, wimbi likiwa bado mbali, limelala, na Wifi akamwacha alipande tena.