Baki ya Mama Lishe

Anayesema kugawanya kwa njia ndefu ni kazi nyepesi, namkaribisha kwenye darasa langu la nne, kijiji cha wachimbaji nje kidogo ya Geita. Aje na chaki zake. Mimi si mpole sana, na wanafunzi wangu wanalijua hilo, lakini hesabu ile imeninyamazisha mara nyingi kuliko mwalimu mkuu.

Mwaka jana nilikuwa na binti aliyekuwa anarudia darasa. Upimaji wa darasa la nne ulimshinda, na hesabu za kugawanya ndizo zilizomwangusha. Mama yake ni mama lishe katika kambi ya wachimbaji. Alikuja kuniona muhula ulipoanza, na baada ya salamu zetu ndefu za Kisukuma akaniambia bila kuzunguka kwamba baba wa mtoto ameshasema: akifeli tena, anaacha shule, anakwenda kambini kuosha masufuria. Yeye mama hakutaka, ila mwenye kauli nyumbani si yeye.

Nikamkalisha mtoto dawati la mbele. Tukaanza na 74 gawanya kwa 3. Akaandika 21, bila baki, kwa mwandiko wa kupendeza. Nikamwonyesha upya: saba kwa tatu ni mbili, inabaki moja, tunashusha nne pembeni yake, inakuwa kumi na nne. Akaitikia kwa kichwa. Hesabu iliyofuata akafanya vilevile. Tukaenda hivyo mpaka nikaanza kuchemka. Nilidhani ni uzembe, lakini uzembe huwa leo hivi, kesho vile. Makosa yake yalikuwa yamenyooka. Kila penye baki, aliifuta.

Nikaona nitumie mambo wanayoyajua. Nje ya darasa nikawapanga watoto watatu wawe wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu. Huku kwetu mawe hujazwa kwenye viroba, kisha watu wanakaa kwenye mgao. Tukajaza mchanga vifuko saba vikawa viroba vyetu, kila kimoja makopo kumi, na pembeni tukaweka makopo manne, ndiyo 74 yetu. Binti akawa mgawaji. Akampa kila mmoja viroba viwili. Kilichobaki akakibeba akakiweka kando, chini ya ukuta. Akampa kila mmoja kopo moja, na lililobaki akalipeleka kulekule.

Nikamuuliza vya ukutani ni vya nani. Akanishangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake.

"Mwalimu, kinachobaki ni cha mama lishe. Yeye ndiye aliyewapikia."

Wenzake wote wakasema ndiyo, ni hivyo. Kambini kwao mgao usipolingana hakuna anayegombea kinachobaki, anapewa aliyepika. Muda wote ule mtoto hakuwa anapoteza kitu. Alikuwa anampa mama yake haki yake, ile iliyomnunulia sare na viatu. Ndani ya ile 21 niliyoipiga mkasi wa kalamu nyekundu kila siku kulikuwa na utaratibu mzima wa watu, na mtoto alikuwa anaufuata bila kukosea.

Sasa ningemwambiaje mama asipewe? Nikauliza tu mama lishe anapewa wakati gani, katikati ya mgao au mwisho.

Akafikiri. "Mwisho. Wakishindwa kabisa kugawana."

"Na kile kiroba, wameshindwa kukigawana?"

Alikwenda ukutani. Kisha akakusanya makopo yote manne, akakirudisha kiroba, akakifungua na kuanza kupima. Yakawa makopo kumi na manne. Kila mmoja akapata manne, yakabaki mawili, na hayo akayapeleka ukutani taratibu. Akachukua kijiti akaandika chini 24, na pembeni, kwa mara ya kwanza, baki 2. Nimefundisha miaka mingi, na sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kuliko kiroba kile kikifunguliwa.

Siku ya upimaji alitoka chumba cha mtihani amenywea. Nikajua mambo yameharibika, nikamwona tayari kambini na masufuria yake. Akanivuta pembeni kunieleza ile hesabu ya mwisho, 92 gawanya kwa 4. Alikuwa ameirudia na kuirudia.

"Nimetafuta cha mama, mwalimu, hakipo. Nikaacha hivyohivyo, ishirini na tatu."

Nikamwambia ndilo jibu. Hakufurahi. Aliniuliza, siku kama hiyo, mama anapata nini. Nikamwambia hilo nitamuuliza mama mwenyewe.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu. Mama yake alikuja shuleni na aproni yake ya kambini, akanishika mikono yote miwili akisema wabeja, wabeja, akimaanisha asante, na mimi nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Nikamweleza swali la binti yake, kwamba mgao ukiisha bila baki, mama anapata nini.

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa aproni.

"Mwambie nimeshapata," akasema.