Farasi ya Mwisho ya Papa Zacharie

Sitadanganya: Mama Tshiela nilimuchukia myaka makumi tatu, juu ya farasi ya mbao.

Baba yangu, Papa Zacharie, alikuwa fundi wa mbao ku reli hapa Kamina, mu Katanga. Parc, bustani ya michezo ya pembeni ya ziwa, bafundi ba reli njo baliijenga beye benyewe, siku za kupumuzika: balançoire ya kubembea, pirogue mbili za mu maji, na manège, ile kitu ya kuzunguluka yenye farasi kumi na mbili. Farasi yote ilitoka mu mikono ya baba. Na manège haikuondoka kama baba hakupiga filimbi. Cheminot, mutu wa reli, ni cheminot hata mu michezo.

Mu 1993, Bakasai, bantu ba Kasai benye balifukuzwa mu Katanga, bakashuka ku gare ya treni, bakangojea treni ya kwabo. Miezi! Balilala mu parc, mu mvua. Mama Tshiela, mumoya wabo, alikuwa na mutoto wake Lukusa, homa inamutetemesha. Akavunja farasi moya, akaifanya kuni, akamupikia uji. Bengine bakafuata. Miye, mutoto wa myaka kumi na mbili, nikamutukana mbele ya bantu. Baba akanifunga mudomo na mukono yake. "Nyamaza. Muti inaota tena."

Lukusa alikufa. Treni ikakuya, bengine bakapanda. Mama Tshiela akakatala. "Nitamuacha hapa na nani?" Akabakia Kamina, akauzisha samaki ya Bukama.

Bon. Baba alikufa, manège ikabakia chuma tupu. Mwaka huu géomètre akakuya kupima bulongo, akapanda bijiti ya mipaka mu parc yote. "Kama mwisho wa mwezi manège haizunguluke na batoto juu, hii haiko parc tena. Tutaikata parcelle za kuuzisha." Shiye batoto ba reli tulikuwa pale bengi. Mama Tshiela njo alijibu: "Itazunguluka."

Mawee, ule muke! Akafyeka majani, akapakaa chuma mafuta ya mawese, mikono ikatoka malengelenge. Akachonga farasi kumi na moya. Zikafanana mbuzi tupu! Batoto balicheka mpaka kuanguka chini. Ya kumi na mbili ikamushinda, akakuya kwangu.

"Clémentine, tulizivunja, hatukuziangalia sura. Weye unakumbuka?"

Nikasema hapana. Kumbe chini ya kitanda yangu kulikuwa farasi moya ya baba. Niliificha mu 93, Bakasai basiione.

Nilivumilia siku mbili, haya ikanishinda. Nikaibeba mpaka kwake. "Niliificha, Mama. Ile juma Lukusa alikuwa na baridi, kuni inakosa." Nikalia kama mutoto.

Aliiangalia sana, akaipangusa vumbi na kitambaa yake. Macho yake pia ilijaa maji.

"Ulikuwa mutoto," akasema. "Shika ule upande, tuende tuifunge ku manège."

Siku ya samedi ya mwisho ya mwezi, farasi moya, mbuzi kumi na moya. Nikapiga filimbi ya baba. Bazee ba reli bakasukuma, manège ikalia, ikazunguluka, batoto banagombania mbuzi! Géomètre mwenyewe akacheka, akaanza kung'oa bijiti yake, anataka kuirudisha mu motokari.

Mama Tshiela akamunyang'anya yote.

"Acha hapa, Papa. Leo tunapikia batoto uji na hii."