Siku Tulipoombwa Maoni Kuhusu Gobore

Mjomba hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania mpaka akakubali, na hilo halijanitoka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa hadi kwenye magulio ya milimani, na wenye maduka mjini walikuwa wameanza kununua bastola. Nadhani bastola ndizo zilizowatia wakubwa wasiwasi, lakini tangazo lililobandikwa Mkuyuni lilitukumba na sisi: wamiliki wote wa silaha wafike shule ya msingi na silaha zao na leseni zao, watoe maoni kuhusu utaratibu mpya wa leseni. Nililisoma mara tatu. Niliacha shule darasa la tano, nimebeba mbao, nimekata katani, nimesukuma mkokoteni Morogoro mjini, na kote huko hakuna aliyewahi kuniuliza maoni yangu, labda kuhusu chumvi ya mchuzi. Neno lile lilinipanda kichwani kama pombe.

"Wanataka nini hasa?" mjomba aliniuliza. Alikuwa anafunga waya wa shaba kwenye kitako cha gobore, pale palipopasuka.

"Maoni, mjomba. Unawaambia ukweli wako, wanauandika, sheria inatungwa."

"Na bunduki ya nini? Kwani nayo inasema?"

Lilikuwa gobore la kushindilia. Unatia baruti, kibonge cha katani, vipande vya chuma, unakandamiza kwa ule ufito wa chuma tunaouita mdeki, ndipo uweke fataki. Kabla hujamaliza, nguruwe ameshakula na kwenda zake. Lakini mlio wake ukishapiga bondeni, ngedere hawarudi siku tatu. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu. Bila mlio ule hapakuwa na mavuno.

Mlangoni mwa darasa askari alipokea silaha zote akaziegemeza ukutani, kwa usalama, alisema. Tukajibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Afisa alikuwa kijana mwenye kaunda suti iliyonyooshwa vizuri. Alitupa shikamoo, akasema leo ni siku yetu, tuseme bila woga.

"Na ngedere mmewaita?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma. "Maana wao ndio wahusika wakubwa."

"Hao nitawafuata huko huko juu, babu," afisa alijibu, na tukacheka wote.

Watu wakasema yao: fataki hazipatikani, ofisi ya leseni iko mbali. Afisa aliandika. Kisha akaanza kuwaita mezani mmoja mmoja na leseni zao.

Kwetu Waluguru mtu humrithi mjomba wake, siyo baba, na pamoja na shamba hupewa jina la marehemu. Leseni ya mjomba ilikatwa kwa jina la mjomba wake, na tangu matanga ya mzee huyo yeye naye akawa anaitwa hivyo hivyo. Angeitikia tu, yangekwisha.

"Hili ni jina lako?"

"Langu."

"Na silaha ni yako?"

Mjomba alinigeukia. Nikamwashiria kwa kichwa: sema.

"Siyo yangu, mwanangu. Ni ya ukoo. Mimi nimeshikishwa tu. Kabla yangu aliishika mjomba wangu, na nikifa ataishika huyu mpwa wangu. Ndiyo maoni yangu: andikeni ukoo, msiandike mtu."

Kalamu ilisimama. "Kwa hiyo aliyepewa leseni hii ni marehemu?"

"Ni marehemu, na ni mimi."

Darasa zima liliangua kicheko. Afisa hakucheka. "Ukoo una anwani, mzee?"

"Anwani yake ni huyu hapa."

Afisa alinitazama. Nisimsingizie, alitufungulia mlango. "Haya, bwana mdogo. Mrithi anaweza kuomba. Unaishi wapi?"

Ningesema: hapa juu. Basi. Lakini siku ile nilikuwa na kiburi cha ukweli. "Kwa sasa niko kwa mjomba. Mwaka jana nilikuwa Kihonda, kabla ya hapo kwenye mashamba ya katani. Sikai sana mahali pamoja."

"Kazi?"

"Inategemea."

Aliyaandika yote, kwa mwandiko mzuri.

Aliyetufuata alikuwa jirani yetu. Gobore lake lilikuwa la ukoo kama letu, nilijua hivyo tangu utoto. Lakini alikuwa amesikiliza. "Yangu," alisema. "Nilinunua mwenyewe." Akagongewa muhuri, akaondoka nalo begani bila kututazama.

Letu lilibaki ukutani. Tulipewa stakabadhi, na afisa akamshika mjomba mkono kwa mikono yake miwili. "Maoni yako, mzee, ni mazuri sana. Tumeyapokea." Nadhani alimaanisha.

Nyumbani tulikuta mdeki umeegemea mlango, tulikuwa tumeusahau. Msimu ule mjomba aliutumia kugongea debe tupu shambani. Siku mbili za kwanza ngedere walikimbia. Ya tatu walikaa mitini wakisikiliza. Nguruwe hawakujisumbua hata kusikiliza. Kutoka ng'ambo ya bonde tulisikia gobore la jirani likilia, na mjomba akasema, "La mwongo hilo. Lina sauti nzuri."

Hakunilaumu. Mara moja tu, tukiwa tunaokota mabunzi yaliyotafunwa, alisema, "Ulisema wanaandika ukweli. Wameuandika."

Kabla ya mavuno niliondoka. Hakukuwa na cha kuvuna, lakini singeondoka kwa sababu hiyo tu. Niliondoka kwa sababu ndivyo nilivyo.

Alipofariki nilirudi. Kwenye matanga wazee wa ukoo walinivika jina lake, wakanikabidhi kilichobaki: mdeki na stakabadhi. Nimevitunza hapa Kihonda, katika chumba ambacho sasa nimekaa muda mrefu kuliko popote, na nina anwani kama mtu yeyote. Stakabadhi imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka. Palipopaswa kuandikwa jina la mjomba, ambalo sasa ni langu, afisa aliandika: mmiliki hajulikani.